Yohana Yupi Sasa?

Jamani mi nimechoka na hili jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Yohana, kitambulisho Yohane, vyeti vya shule John, na kila nikifika dirishani naambiwa nikalete hati ya kiapo kwamba hao watatu wote ni mimi. Nimeapa mpaka mwanasheria haniulizi tena, ananyoosha tu mkono wa hela.

Sasa njoo nyumbani. Babu Yohana, ba'mdogo Joni, shangazi Jane, binamu mmoja Joni mwingine Jonsoni, halafu shemeji ananiita Yahya, na hajakosea, ni jina lile lile. Ukiita "Joni!" sebuleni wanageuka wanne. Ukiita "Joni kaoshe vyombo" hageuki mtu.

Juzi kwenye grupu la ukoo mtu kaandika "Yohana kalazwa", basi, hakusema yupi. Dakika tano simu yangu imejaa pole, shangazi analia kwenye voisi, na mimi niko zangu kitandani na bukta najiuliza naumwa nini. Kumbe ni babu. Ashatoka, mzima kabisa, ila kuna hela ya matibabu iliingia kwangu bado tunaibishania.

Nikasema ngoja nilichimbe hili jina. Eti ni Kiebrania, maana yake Mungu ni mwenye neema. Haya. Mtaliano anasema Giovanni, Mhispania Juan, Mrusi Ivan, Sean wa Ireland naye ni sisi sisi. Hata mapapa lilishawavuruga, kuna Yohane XIX na Yohane XXI, wa XX hajawahi kuwepo, hesabu zilipotea katikati! Aliyenifariji ni Bach yule mwanamuziki Mjerumani wa 1685, yeye Johann, baba Johann, kaka yake Johann Christoph, na pacha wa baba naye Johann Christoph. Sijui kwenye ile nyumba walikuwa wanaitana vipi, labda kwa filimbi.

Sasa mke wangu mjamzito, tumeambiwa ni wa kike, nikashusha pumzi, nikajua hapa limekwama. Mama kaleta Joana, shangazi kaleta la kwake mwenyewe. Mke wangu kagoma yote, kashinda anapekua simu, jioni kaja anacheka, baba nanii nimepata, jina jipya kabisa, kwenye ukoo wenu halipo na halitakuwepo.

Ivana.

Nimemwambia zuri sana. We ungeanzia wapi?