Nakala ya jeni si takataka

Jumapili mpwa wangu alikuja hapa Ipagala na daftari lake la tuisheni. Yuko kidato cha nne. Nikafungua ukurasa wa jeni nikakuta orodha ndefu ya magonjwa, sikoseli ikiwa ya kwanza, na chini yake mstari wa wino mwekundu: jeni ikijirudufu ni kosa, na kosa halijengi kitu. Alipouliza kama ndivyo ilivyo kwa wanyama wote, akajibiwa kwamba hilo halitoki kwenye mtihani.

Iliniuma sana. Mtoto aliuliza swali zuri kuliko yote yanayotoka.

Tukapanda daladala hadi Mpunguzi kwa babu yake, baba yangu, anayelima zabibu na kufuga mbuzi. Ugomvi wake wa miaka yote ni na tumbili. Mbuzi akipenya shambani hula chochote: jani, kikonyo, kishada kibichi. Tumbili hukaa juu ya mti akatazama kwanza, kisha hushukia vishada vilivyoiva, vile vile alivyopanga babu kuvuna kesho yake. "Huyu ana macho ya mtu," mzee husema, na amesema kweli kuliko lile daftari.

Mbuzi, ng'ombe na mbwa wana seli za rangi za aina mbili tu machoni. Nyekundu na kijani kwao hazipishani sana. Tumbili, nyani na sisi tunazo tatu, na hiyo ya tatu ilianza kwa kosa. Miaka milioni 30 hadi 40 hivi iliyopita, kwa mababu wa kima na nyani wa Afrika na Asia, kromosomu X, nyuzi zinazobeba jeni, zilipishana vibaya na jeni moja ya opsini, protini ya jicho inayonasa mwanga, ikawa mbili, bega kwa bega. Moja ikabaki na kazi ya zamani. Nyingine ikawa huru: hata ikibadilika, mnyama hapofuki, maana mwenzake yupo kazini. Protini ile ina asidi amino 364, lakini tofauti za sehemu tatu tu ndizo zinazobeba karibu umbali wote kati ya seli inayoshika zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 530 na inayoshika 560. Aliyeliona tunda kabla ya wenzake akashiba, akazaa, na uteuzi asilia ukaishikilia nakala ile isipotee. Huko Amerika Kusini kima wengi wa kiume wana seli za rangi za aina mbili tu mpaka leo, ila kima wapiga mayowe walipata nakala yao, peke yao, kwa njia yao. Jambo likitokea mara mbili hivyo, nani ataliita takataka?

Wapo wataalamu wanaosema kilichotafutwa ni majani machanga, wala si matunda. Haya, huenda. Aliyepita Manyoni miyombo ikichipua nyekundu kabla ya mvua anaelewa kwa nini wanasema hivyo, na hoja yangu haivunjiki.

Nakubali pia kwamba nakala nyingi hufa. Jeni zetu za kunusa zinazofanya kazi ni kama 400, nyingine mamia ni mizoga. Tembo wa Afrika anazo zinazofanya kazi kama 2,000. Na ule ujirani wa jeni mbili za macho ndio unaofanya wanaume wengine wasitenganishe nyekundu na kijani. Gharama ipo. Lakini mwanasayansi wa jeni Susumu Ohno alieleza tangu mwaka 1970 kwamba nakala ndiyo inayompa uteuzi malighafi mpya, na watoto wetu bado wanaandikishwa mstari ule wa wino mwekundu.

Hiyo sikoseli yenyewe. Nimekaa wodini na mtoto wa jirani akilia mifupa usiku kucha. Miezi yake ya mwanzo alikuwa mzima kabisa, kwa sababu alikuwa bado na himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ya tangu tumboni mwa mama, inayotengenezwa na jeni ndugu, nakala ya ukoo uleule wa globini. Dawa ya haidroksiyurea humsaidia kwa kuiamsha himoglobini hiyohiyo. Nakala ndiyo inayompa mtoto yule ahueni, halafu daftari linasema haijengi kitu!

Mpwa wangu alisimama muda mrefu kwenye uzio akimwangalia beberu akitafuna kikonyo, kishada kilichoiva kikining'inia karibu na sikio lake.

"Mjomba," akauliza, "kwa hiyo wekundu huu hajawahi kuuona?"