Viongozi wa mtaa wanatusikia, ishu ni wanamwogopa nani

Wiki iliyopita jioni nilikuwa kwa mangi nasubiri chenji, wakaingia majirani zangu wawili wanabishana kuhusu mwenyekiti wetu wa mtaa. Mmoja anasema huyu mzee hatusikilizi kabisa, tulimpa kura halafu katupa kisogo. Mwingine anakataa, anasema jamani mbona ni msikivu, juzi tu mafundi wa jirani wameingia kwenye mpaka wangu, nikampigia saa tano usiku akaja na ndala zake miguuni akasimamisha kazi. Hawa wote nawafahamu, sio watu wa kuongeza chumvi, na nilipofika nyumbani nikawa najiuliza inakuwaje mtu mmoja awe kiziwi kwa huyu na msikivu kwa yule wakati nyumba zao zimepishana mbili tatu tu.

Nadhani jibu nimelipata, ila naomba nianze na mambo matatu yaliyotokea kwetu huku pembezoni mwa Dar.

La kwanza ni baa. Ilifunguliwa baa katikati ya makazi, spika kubwa zinatazama nyumba za watu, mziki mpaka alfajiri. Watoto hawalali, kuna bibi mmoja mgonjwa wa presha alihamishiwa kwa mwanae kabisa. Kina mama wanane wakajikusanya asubuhi wakaenda ofisi ya mtaa, hawakuandika barua wala nini, wakakaa pale kwenye benchi wakasema hatuondoki. Mwenyekiti akamwita mwenye baa siku hiyohiyo, wakaandikishana kwenye ile kaunta buku yake, kila upande ukaweka sahihi, kwamba ikifika saa sita mziki unazimwa. Mpaka leo unazimwa, ukiacha siku moja moja za mwisho wa mwezi.

La pili ni kivuko. Kuna mfereji unakata njia ya kwenda shule, masika ikianza maji yanafika kiunoni kwa mtoto wa darasa la pili, kuna vijana wanawavusha mgongoni kwa shilingi mia mbili na mwenye hana anarudi nyumbani. Hili tumelisema kwenye mikutano masika tatu mfululizo na kila mara mwenyekiti anajibu "nimelipeleka juu". Watu wakawa wanaguna, na mimi niliguna, mpaka siku nilipoenda kufata barua ya utambulisho nikamuuliza kwa heshima tu, mzee hili la kivuko kweli umelipeleka? Akafungua droo akatoa nakala za barua, nne, zote zimegongwa mhuri wa kupokelewa, na moja ina sahihi ya diwani. Yaani yule mzee alisikia na alifanya kile alichoweza, na kivuko bado hakipo.

La tatu linauma zaidi. Kulikuwa na eneo la wazi, watoto wanachezea mpira na sisi wakubwa ndo tulikuwa tunafanyia misiba mikubwa pale. Asubuhi moja, enzi za mwenyekiti aliyepita, tukakuta nguzo na waya. Tukaenda ofisini kundi zima, tukaambiwa lina mwenyewe na karatasi anazo, karatasi yenyewe ilikuwa na mhuri wa mtaa wetu. Tulipiga kelele, tukaitisha mkutano, haukufanyika. Leo pale kuna geti jekundu.

Sasa ukiangalia haya matatu unaona swali la "wanatusikiliza au hawatusikilizi" linatupoteza kidogo. Kwenye baa alisikia na rungu lilikuwa mkononi mwake. Kwenye kivuko alisikia vizuri tu lakini rungu liko kwa mtu mwingine. Kwenye uwanja mwenzie alikuwa na rungu, alisikia, na hakutujali kwa sababu hakuwa na cha kuhofia kutoka kwetu. Ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake sio moja.

Nianze na la rungu maana hapa viongozi wana hoja ya haki na mara nyingi tunawaonea. Katiba yetu ibara ya 146 inasema lengo la serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Tulishawahi kuzifuta kabisa mwaka 1972, mambo ya madaraka mikoani, zikarudishwa kwa sheria za 1982. Kwenye karatasi zipo mpaka leo, mkutano wa mtaa, kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, lakini angalia vitu ambavyo watu wanavilalamikia kila siku viko wapi. Barabara za mitaani na vivuko vyake ziko TARURA tangu 2017, chombo ambacho meneja wake haajiriwi wala hafukuzwi na baraza la madiwani. Maji ya vijijini yakaenda RUWASA, wakala wa serikali kuu, mwaka 2019. Kodi ya majengo ilikuwa chanzo kizuri cha halmashauri, ikahamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, 2016, na tangu 2021 unakatwa bila kujua kila ukinunua umeme wa LUKU, ilianza buku kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda ikawa elfu moja na mia tano. Mkurugenzi wa halmashauri, ambae ndo anashika mafaili na ndo katibu wa baraza, anateuliwa na Rais. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, mwenyekiti hawezi kumfukuza.

Kwa hiyo mwenyekiti unayemtukana kwa ajili ya shimo la barabarani hana mshahara, hana fungu, hana greda, anacho kiti na mhuri. Diwani yeye ana posho na ana sauti kwenye baraza, ila akisimama kuulizia kivuko anaomba kama tunavyoomba sisi, tofauti ni kwamba yeye anaombea kwenye kiti cha mbele.

Hapo hapo nisiwe wa upande mmoja. Waliotetea kuundwa kwa vyombo kama TARURA walisema hela za barabara zikikaa halmashauri zinagawanwa kisiasa, kila diwani anataka kata yake ipate kipande, mwisho wa siku mnapata vipande vipande vya vifusi ambavyo mvua moja inavibeba, bora wataalamu wapange kwa kuangalia mtandao mzima. Hiyo hoja ina uzito na mtu aliyeishi huku anaielewa. Lakini bei yake ndo hii, mtaalamu anapanga vizuri ila hana mkutano wowote wa Jumamosi ambapo mama mwenye mtoto wa darasa la pili anaweza kusimama akamuuliza usoni. Tumepata ufundi tukapoteza pa kuulizia, na sidhani kama ilikuwa lazima tupoteze kimoja ili tupate kingine.

Sasa twende kwenye lile la uwanja. Hapa siwatetei.

Kiongozi wa kuchaguliwa anamsikiliza mtu anayeweza kumtoa, hilo halihitaji elimu kubwa. Jiulize mwenyekiti wa mtaa Tanzania nani anaweza kumtoa. Ukitaka kugombea lazima upitie chama, mgombea binafsi haruhusiwi. Marehemu Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alilipigania hili miaka mingi, Mahakama Kuu ikampa ushindi, Mahakama ya Rufani ikautengua 2010, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema kuzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki, na bado haruhusiwi. Ina maana yule baba anayeheshimika na kila mtu mtaani, anayesuluhisha ndoa za watu na kusimamia misiba, kama hana kadi ya chama hawezi kugombea hata kitongoji.

Halafu angalia chaguzi zenyewe. Mwaka 2014 upinzani ulichukua mitaa mingi tu mijini, hapa Dar ikiwemo. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa vikilalamika wagombea wao wameenguliwa kwa wingi kwenye fomu, chama tawala CCM kikachukua zaidi ya asilimia 99. Tarehe 27 Novemba 2024 upinzani ulirudi, malalamiko ya kuenguliwa yakarudi nayo, na matokeo yaliyotangazwa yakawa CCM zaidi ya asilimia 98 kwenye vijiji, mitaa na vitongoji. Msimamizi wa uchaguzi huo ni TAMISEMI, wizara ya serikali hiyohiyo.

Wana CCM ninaokaa nao wana maelezo yao na mengine ni ya kweli. Wanasema sisi tuna mabalozi wa nyumba kumi, tunajua nani kafiwa na nani kalazwa, wenzetu mnawaona mwaka wa uchaguzi tu. Ni kweli, kwetu balozi ndo mtu wa kwanza kufika ukiwa na shida, kabla hata ya mwenyekiti, na vyama vingine havina kitu kama hicho. Lakini hata ukilikubali hilo lote, mchujo mgumu unakuwa ndani ya chama, na mtu akishapita huko, siku ya kura inakuwa kama kukamilisha utaratibu. Kwa mwenyekiti wa hivyo kumuudhi mkazi mmoja wa kawaida hakumpunguzii kitu, kumuudhi mtu wa chama mwenye ushawishi kunammaliza. Basi akija mtu mwenye hela na marafiki huko juu anataka uwanja, na upande wa pili kuna watoto wanacheza mpira, unajua kabisa mizani italalia wapi. Wapo wanaosimama na watu wao pamoja na hayo yote, huyu wetu wa sasa mimi namhesabu kati yao, lakini anafanya hivyo kwa roho yake, na mtaa wenye maelfu ya watu hautakiwi kutegemea roho ya mtu mmoja.

Na sisi wakazi je? Nimehudhuria mikutano mingi kwetu, Jumamosi saa nne chini ya mwembe wa shule, saa nne inakuwa saa tano na nusu, tunahesabiana tunakuta tuko hamsini sitini, nusu ni wazee. Wapangaji hawaji, ukimuuliza anakwambia mimi mpangaji tu, wakati mtoto wake ndo anavushwa mgongoni. Vijana wanalalamika kwenye grupu la wasapu, sauti za dakika tatu tatu zenye hoja nzuri kabisa, ila hakuna muhtasari unaoziandika. Kwa hapa kiongozi akisema "nimeitisha mkutano hamkuja" anakuwa amesema kweli.

Lakini kuna siku moja ule mwembe ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye tofali. Ni siku ya kuelezwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 ikarudi 2024. Walikuja mama ntilie, bodaboda, mafundi cherehani, wapangaji kibao. Kuna mtu pembeni yangu akasema watu wetu wanapenda hela tu, mi sikukubaliana nae. Nilichokiona ni kwamba watu wanakuja pale ambapo neno lao linaweza kuzaa kitu. Masika tatu wamesema kivuko wakajibiwa "juu", kwa nini waache biashara Jumamosi asubuhi waje kusikia "juu" ya nne? Uvivu tunaousema mwingi ni watu wameshapiga hesabu.

Ndo maana nikiulizwa viongozi wanatusikiliza au la, nasema kwa yale madogo yaliyo mikononi mwao wengi wanasikiliza kuliko tunavyowapa sifa, mipaka, kelele, ndoa, misiba, ulinzi shirikishi. Kwa yale makubwa ni makarani wa kubeba barua zetu. Na kwa yale yenye hela ndani yake, ardhi hasa, inategemea wanamwogopa nani, na kwa chaguzi tulizonazo sio sisi.

Mimi hilo la uchaguzi siwezi kulimaliza leo, linahitaji sheria. Ila kuna kitu kimoja kipo tayari na tumekiacha kife wenyewe, mapato na matumizi. Kila miezi mitatu inatakiwa yasomwe mbele ya wakazi na kubandikwa. Kwenye ubao wa ofisi yetu karatasi iliyopo imeshakuwa njano, wino umefutika, juu yake wamebandika tangazo la chanjo ya mbwa. Uwanja uliondoka kwenye kipindi ambacho hakuna mtu aliyekuwa anauliza karatasi. Na mkutano huohuo unaweza kumwalika mtu wa barabara na mtu wa maji waje wajibu wenyewe, wasipokuja iandikwe kwamba waliitwa hawakuja, barua ya tano iende na hayo maandishi.

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa bodaboda, mpangaji, sijawahi kumuona mkutanoni, alinyoosha mkono akauliza hela ya taka tunayolipa kila mwezi, nyumba ngapi zinalipa na kiasi gani kinabaki mtaani. Kukawa kimya. Mtendaji akafungua faili, akageuza kurasa, akafunga. Mwenyekiti akamgeukia akamwambia mbele yetu wote, "huyu kijana ameuliza vizuri, mkutano ujao uje na hesabu." Swali likaandikwa kwenye muhtasari, ni ajenda namba tatu, na jina la aliyeuliza lipo. Mkutano ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne, na yule kijana ameshaanza kuwapitia wapangaji wenzie chumba kwa chumba.