Mdalasini mzima Marekani: bei ya forodha haisemi nani analipa

Marekani hailimi mdalasini kwa kiwango cha kuhesabika. Karibu kila kijiti kinachouzwa huko kimevuka bahari kutoka Indonesia, Vietnam, Sri Lanka au China. Kwa hiyo Rais Donald Trump alipotangaza ushuru mpya tarehe 2 Aprili 2025, asilimia 46 kwa Vietnam, 44 kwa Sri Lanka na 32 kwa Indonesia, wafanyabiashara wa viungo hawakuhitaji kutafuta hoja mbali. Ushuru wa kumlinda mkulima wa nyumbani unamlinda nani pale ambapo mkulima huyo hayupo? Kabla ya hapo kiwango cha kawaida cha ushuru kwa mdalasini, mzima au wa unga, kilikuwa sifuri.

Upande wa pili nao haukuwa ukisema upuuzi. Serikali haikuulenga mdalasini; ililenga mizani ya biashara na nchi nzima nzima, na viungo vikasombwa humo. Ukisamehe bidhaa moja, kesho kila chama cha waagizaji kitapiga hodi na yake, na ushuru utakosa makali kwenye mazungumzo. Tena viwango vilishuka: kufikia tarehe 7 Agosti Vietnam na Sri Lanka zilikuwa kwenye asilimia 20, Indonesia 19. Watetezi wa sera wakaongeza kwamba gharama ya ushuru itabebwa na muuzaji wa nje, kwa kuwa atalazimika kushusha bei ili asipoteze soko.

Madai hayo ya mwisho ndiyo yanayowapeleka watu kwenye takwimu za bei, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Thamani ya forodha inayotangazwa Marekani ni bei ya mzigo bila nauli ya meli, bila bima na bila ushuru wenyewe. Tuchukue mfano wa kubuni. Kilo ilikuwa dola 3. Muuzaji anashusha hadi dola 2.80 ili kumpoza mteja wake. Ushuru wa asilimia 20 unaongeza senti 56, kwa hiyo muagizaji anatoa dola 3.36. Chati ya bei ya uagizaji itaonyesha mdalasini umekuwa rahisi, ilhali aliyeununua amelipa zaidi na aliyeuuza amepokea kidogo. Mtetezi wa ushuru ataishika chati hiyo kama ushahidi kwamba mgeni ndiye aliyelipa. Ni kweli kwa senti 20. Senti 36 zilizobaki zimetoka mfukoni mwa Mmarekani.

Kuna mtego mwingine, nao ni wa zamani kuliko ushuru. Forodha huweka mdalasini wa kweli, ule wa Sri Lanka wenye maganda membamba yaliyokunjwa kwa mkono, chini ya namba 0906.11. Jamii nyingine ambazo hazijasagwa, yaani magome mazito ya Indonesia, Vietnam na China, ziko 0906.19. Uliosagwa uko 0906.20. Ule wa kwanza ni ghali zaidi kwa sababu kuumenya kunataka fundi, na mafundi wamekuwa adimu. Ukijumlisha namba mbili za mwanzo ili upate bei ya wastani ya mdalasini mzima, wastani huo unaweza kupanda bila bei ya kilo yoyote kubadilika. Inatosha waagizaji wapunguze magome ya Indonesia na kubaki na yale ya Sri Lanka.

Mwaka 2025 wenyewe ni mgumu kuusoma. Tarehe 9 Aprili viwango vikubwa vilisimamishwa kwa siku 90, nchi nyingi zikabaki kwenye asilimia 10. Gome kavu hukaa ghalani muda mrefu bila kuharibika, basi mwenye fedha alikuwa na kila sababu ya kujaza kontena mapema. Hata baada ya Agosti, mzigo uliopakiwa melini kabla ya tarehe 7 na kuingia kabla ya 5 Oktoba uliepuka kiwango kipya. Mtu akikuonyesha mwezi mmoja wa mwaka huo na kuuita mwelekeo, mwombe miezi mingine.

Mimi naona hoja kwamba muuzaji wa nje ndiye atakayebeba mzigo haikutazama mti wenyewe. Katika nyanda za Kerinci, Sumatra nchini Indonesia, mkulima huuacha mti miaka mingi kisha huukata na kuubandua wote akihitaji fedha. Bei ikiwa mbaya, anaweza kuuacha usimame. Anayebanwa ni mnunuzi wa kati aliyekopa, na pia mkulima wa Sri Lanka ambaye machipukizi yake hukatwa kwa msimu na mmenyaji anasubiri ujira. Nguvu ya kushusha bei ipo, ila haiko sawa kila mahali.

Bei ya chini pia ina hatari yake. Mwaka 2023 mdalasini wa unga wenye risasi, yaani metali yenye sumu (lead), uliingia kwenye vifuko vya matunda yaliyosagwa vya watoto, na mamia ya watu waliathirika nchini Marekani. Tangu Machi 2024 mamlaka ya chakula na dawa, FDA, imekuwa ikitoa tahadhari juu ya mdalasini wa unga. Kijiti kizima si hakikisho la usalama, maana risasi inaweza kutoka hata udongoni, lakini kuchanganya rangi yenye risasi ndani ya unga ni rahisi kuliko kuificha kwenye gome. Muagizaji anayebanwa na ushuru akikimbilia unga wa bei ya chini, hatari hiyo haitaonekana kwenye chati ya bei.

Tarehe 14 Novemba 2025 Trump aliondoa viungo, pamoja na kahawa, chai na ndizi, kwenye ushuru huo. Serikali ikawa imeikubali hoja ya wafanyabiashara ya Aprili, miezi saba baadaye. Kwa Tanzania, iliyokuwa kwenye asilimia 10 na hivyo mbele kidogo ya Vietnam, nafasi hiyo ilifungwa kabla haijazaa chochote kikubwa. Kwa wanunuzi wa Marekani, shehena iliyolipiwa ushuru kabla ya hapo bado ilipaswa kuuzwa kwanza. Anayetaka kujua nani alibeba gharama aweke safu mbili pamoja, thamani ya forodha na ushuru uliokusanywa, kwa kila namba na kila nchi peke yake.