Sikulia, Ilikuwa Pilipili

Sikulia. Naomba tuanzie hapo, maana najua wengi wenu mmeshasikiliza ile sauti ya dakika nne na nusu. Mwenye sauti ni rafiki yangu, nitamwita Msemaji kwa sababu kazi hiyo kajipa mwenyewe, na aliitupa kwenye grupu jana saa tano usiku kabla hata sijaoga. Anasema nilikuwa nalia namwita mama. Machozi yalikuwa yananitoka, sikatai. Lakini macho yalikuwa na pilipili. Kulia na kutokwa machozi ni mambo mawili, muulizeni yeyote anayemenya vitunguu.

Pia si kweli kwamba nilikuwa uchi. Nilikuwa na bukta.

Haya. Konokono mnamjua. Pikapu yetu ile yenye kibanda mgongoni, godoro juu ya paa la dereva, jiko la gesi la plate moja, na lile dirisha kubwa la kioo nililolisifia humu siku fundi alipolifunga kule Arusha. Niliandika "mandhari, ndugu zangu, mandhari!" Msinikumbushe. Fundi aliniuliza kama nataka la kufunguka au la kutofunguka. La kufunguka lilikuwa na bei yake. Nikasema kioo ni kioo.

Na wimbo wangu mnaujua pia, nimewachosha nao tangu tuondoke: lala kwako, kula kwa watu. Hoteli ya nini, wakati kitanda unatembea nacho na mji mzima unakupikia barabarani? Moshi tukanywa mtori asubuhi na baridi yake. Tanga tukala mbaazi za nazi na maandazi, Msemaji akaanza kuulizia bei za viwanja. Dar, siku ya kwanza, mihogo ya Coco Beach, ile inayokaangwa ikapasuka yenyewe, unamwagiwa chachandu mpaka unaona bahari mbili. Jioni Feri, pweza. Mnaizunguka meza na vijiti mkononi, mnachovya pilipili ya bakuli moja na watu ambao hamjawahi kuonana, mmeshakuwa ndugu. Msemaji alikunywa supu ya pweza vikombe viwili. Hajaoa. Sijui alikuwa anajiandaa na nini.

Yaani safari ilikuwa inakwenda vizuri. Niliandika hivyo juzi, na nyie mkaniambia "endelea kututia wivu". Mungu anawaona.

Sasa kuna mambo mawili lazima myajue, na yote mawili nimeyasababisha mimi, kwa hiyo nitayasema haraka.

La kwanza ni komeo. Mlango wa nyuma ulikuwa unajifungua kila tukiruka tuta. Pale Same tulipoteza ndoo na ndala moja, ya kulia. Tulipofika Tanga nikatafuta fundi, akatia komeo la chuma, zito, la nje. Nikamuuliza, "Na la ndani?" Akaniangalia kwa huruma. "Ndani nani atakuibia?" Nikaona kasema la maana, nikamlipa.

La pili ni masufuria. Njia nzima yanagongana huko nyuma, na Msemaji kila akisikia *ko! ko!* anasimama, anashuka, anachungulia. Mpaka tunafika Segera nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, na maneno yangu nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu jana nilipata muda wa kutosha kuyakumbuka: "Ukisikia kitu kinagonga huko nyuma, usisimame. Ni masufuria. Hata kigonge mpaka Dar, wewe endesha."

Msemaji ni mtu anayesikia anapoambiwa. Mara moja kwa mwaka.

Basi jana usiku tulikuwa tunakwenda Mbezi Beach kulala uani kwa shangazi yake. Nikasema si adabu kumfikia mtu mzima saa tatu na njaa, atahangaika kuwasha jiko. Maneno ya mtu muungwana hayo. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunapita Sinza na nilikuwa nimenusa chipsi.

Kibanda sikitaji, mwenyewe hana kosa hata chembe katika habari hii. Kijana mmoja na aproni yake, karai la mafuta kushoto, mishikaki kulia, katikati kikaango anachokipindua kwa mkono mmoja huku anaongea na simu. Niliagiza zege, yaani chipsi mayai, la mayai mawili, mishikaki mitatu, kachumbari ya kutosha. Aliniuliza kama nifungashiwe. Jamani. Zege la kufungashwa linatoa jasho, ukifika nalo limeshakuwa uji wenye historia ya viazi. Zege ni la sahani. Hapo sitabadili msimamo hata baada ya jana.

Mvua ikaanza manyunyu. Viti viwili vilivyokuwa chini ya turubai vilikuwa na watu wanne. Konokono kaegeshwa hatua kumi. Nikachukua sahani, uma, na chupa ya pilipili, ile ya plastiki iliyotobolewa kifuniko kwa msumari. Kijana akasema, "Bosi, sahani yangu usiisahau." Nikamjibu, "Wewe, mimi naenda wapi? Niko hapo hapo."

Niko hapo hapo. Naomba hayo maneno muyatunze.

Simu ilikuwa mbele kwenye chaji. Pochi mbele pia. Msemaji kavuka barabara kutafuta juisi ya ukwaju, na nilikuwa nimeshamwambia kwamba mimi nikishiba nalala, asiniamshe mpaka kwa shangazi. Nikapanda, nikawasha taa, nikavua shati kwa lile joto la bati, nikakaa kwenye ukingo wa godoro la chini, sahani magotini. Mlango nikauacha wazi kidogo, upepo uingie.

Nimekula uma mbili. Zilikuwa uma mbili bora kuliko zote mwaka huu.

Mlango ukafungwa. *Kacha.* Nikasikia ile *kacha* nikasema moyoni, fundi wa Tanga kafanya kazi nzuri. Ndiyo, hicho ndicho kitu cha kwanza nilichowaza. Cha pili, injini ikawaka.

Nikagonga ukuta. Nikagonga tena, kwa ngumi. Nikaita. Na huko mbele, kwa wale mnaomjua Msemaji, ikafunguliwa singeli. Sasa singeli ina mapigo mengi kuliko moyo wa mtoto. Nikigonga naingia kwenye biti. Nikigonga haraka zaidi, naupendezesha wimbo. Na hata angesikia, angejua ni masufuria, nilishamweleza mwenyewe.

Nyuma yetu nikasikia filimbi moja ya vidole, halafu sauti ya yule kijana: "Oyaa! Hajalipa huyo! Mwizi!"

Mnajua neno hilo likitupwa usiku Sinza linavyozaa watu.

Tuta la kwanza la Shekilango lilichukua zege. Lilipaa lote kwa pamoja, halikutawanyika, yule kijana anajua kazi, likageuka hewani na kutua kifuani kwangu upande wa yai. Moto. Kwa mkono wa kulia nikalikamata lisianguke. Kwa mkono wa kushoto nikashika sahani. Mshikaki mmoja ulikuwa unateleza kuelekea ukingoni, na mikono imekwisha, nikaudaka kwa meno. Kwa nini niliudaka? Ndugu zangu, sijui. Mtu akizama anashika chochote.

Tuta la pili lilichukua pilipili. Chupa ilikuwa katikati ya mapaja yangu. Niliibana. Kifuniko kina tundu la msumari, nimeshawaambia.

Ilinipata jicho la kushoto kwanza, halafu, kwa haki na usawa, la kulia.

Bamaga tukakata kushoto. Nilijua kwa sababu niliangukia kulia. Nikapapasa ukuta nijiinue, jicho moja limefumba kabisa, lingine linaona kama kwa tundu la funguo, na nikafika dirishani wakati Konokono anapunguza mwendo. Mataa ya Mwenge. Nyekundu.

Naomba hapa mwende nami polepole, maana mimi bado nipo pale.

Nje giza, ndani taa inawaka. Kioo kile kikubwa, cha mandhari. Kwa hiyo aliyekuwa nje alikuwa ananiona vizuri kuliko anavyoona televisheni ya kwake. Pembeni yetu, karibu ungenyoosha mkono, daladala imejaa mpaka mlangoni. Naona sura moja inageuka. Inamgusa mwenzake. Wanageuka safu nzima, mama mmoja anampandisha mtoto begani ili naye asikose. Konda anaacha kuita abiria. Konda, jamani. Mwenge. Akanyamaza.

Na mimi nimesimama, kifua wazi, yai limenata kuanzia shingoni hadi kitovuni, kachumbari mahali pake pa kachumbari, machozi (ya pilipili) yanatiririka, mshikaki mdomoni umelala kama mfupa kwa mbwa, na mikono miwili imeikumbatia sahani.

Katikati ya daladala na sisi ikapenya bodaboda. Nyuma ya dereva amekaa yule kijana. Aproni bado anayo. Mkononi ana ule mwiko wa matundu wa kuopolea chipsi, unadondosha mafuta. Bodaboda ikasimama sawasawa na dirisha, na uso wake ukawa sentimita thelathini kutoka wangu, kioo katikati.

Nilitegemea atukane. Ningefurahi angetukana. Aliniangalia kutoka juu mpaka pale kioo kinapoishia, akarudi juu, na nikauona uso wake unabadilika kutoka hasira kwenda kitu kingine ambacho nisingependa kukipa jina. Sikumsikia, kioo hakifunguki. Lakini midomo niliisoma.

"Kaka," alisema. "Sahani."

Nikataka kumwonyesha kwamba sahani iko salama, haijavunjika. Nikaiinua juu kwa mikono miwili, karibu na kioo, aione. Ilikuwa na vipande viwili vya chipsi na nyanya.

Dereva wa bodaboda huyo nilimsikia vizuri sana, alikuwa na sauti ya muadhini: "Anatukaribisha!"

Daladala nzima ikalipuka. Mama mwenye mtoto alijishika ubavu.

Na sasa nawaambia kitu ambacho Msemaji hakijui, hakimo kwenye dakika zake nne na nusu. Pale pale, macho ya watu thelathini yananitazama, nimeitwa mwizi, nimefungiwa, siuoni ulimwengu, meno yangu yakauma ule mshikaki. Yenyewe. Nikatafuna. Nikameza.

"Na bado anakula!"

Taa ikawaka kijani, na Msemaji, mtu wa sheria, akaondoka.

Yaliyofuata ni mafupi. Bodaboda tatu zikatukata mbele kwenye kituo cha mafuta. Msemaji akadhani anaibiwa gari, akapandisha vioo na kuongeza singeli, hadi mhudumu wa mafuta alipomwonyesha kwa kidole kwamba nyumba yake ina mtu. Komeo likafunguliwa. Nikashuka, nikaomba radhi, nikalipa 7,500 yangu, nikalipa nauli ya bodaboda zote tatu kwenda na kurudi, nikamwongezea kijana elfu tano ya wateja aliowaacha. Akakagua vyombo vyake: sahani ipo, chupa ipo, tupu. Uma haukuonekana. Tukautafuta kwa tochi ya simu. Akasema basi tu, bosi, akaondoka, na nilivyomwona anaondoka mabega yalikuwa yanatikisika, na hakuwa na pilipili machoni.

Shangazi alisimuliwa kabla sijamwamkia. Aliniletea maji ya kunawa uso, akasubiri nimalize, kisha akauliza swali moja. "Mwanangu, hivi hawafungashi siku hizi?"

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Hakukuwa na polisi kama mlivyosikia, hakukuwa na mtu aliyerekodi (kama yupo, njoo tuongee kwa siri, bei tutaelewana), na sikulia.

Uma nimeupata leo asubuhi, ndani ya foronya. Kurudi pale mwenyewe siwezi, msiniambie habari za ujasiri. Kama kuna mdau anakaa Sinza na ana moyo wa kujitolea, kesho tunaelekea Morogoro, nitautuma kwa basi, gharama ya kifurushi juu yangu. Ukifika kwa kijana usiseme umetoka kwa nani. Atajua.