Jaketi alivaa, kamba je?

Kila baharia anapokufa maji katika mbio za mashua za matanga, swali la kwanza huwa lile lile: alivaa jaketi la kuokolea maisha? Mimi naona swali hilo limechelewa. Jaketi ni la mtu aliyekwisha kuanguka. Ninachotaka kujua ni kama alikuwa amejifunga kwenye mashua, na kwa kamba ya urefu gani.

Piga hesabu. Mashua inayokwenda maili 10 za baharini kwa saa inakata mita 5 kila sekunde. Hadi nahodha asikie ukelele, matanga yashushwe na usukani ugeuzwe, dakika imekwisha, na aliyeanguka yuko mita 300 nyuma. Katikati ya mawimbi kichwa cha mtu ni kama dafu linaloelea. Kwenye mazoezi tulikuwa tukitupa boya lililofungiwa ndoo, na mmoja wetu akipewa kazi moja tu: kulinyooshea kidole bila kuondoa macho. Mchana kweupe, bahari shwari, na bado lilitupotea. Maji yakiwa baridi ndiyo balaa zaidi. Dakika ile ya kwanza mtu hutweta bila kutaka, na wimbi halimsubiri amalize kuvuta pumzi. Zikipita dakika kama 10, vidole havishiki tena kamba anayorushiwa.

Machi 2018, katika Bahari ya Kusini, baharia John Fisher alikuwa kwenye Volvo Ocean Race, mbio za kuzunguka dunia. Alifungua kulabu ya kamba iliyomfunga kwenye mashua ili asogee mbele. Tanga kuu likageuka upande, kamba za tanga hilo zikampiga, akatupwa majini. Wenzake walirudi wakamtafuta kwa saa nyingi wasimpate. Hatua chache tu! Ndiyo maana kamba ya usalama huwa na kulabu ya ziada: unafunga ya pili kabla hujafungua ya kwanza. (Fanya hivyo usiku na mchana, wiki baada ya wiki, glavu zimelowa, ndipo utaelewa kwa nini watu huacha.)

Tena kamba yenyewe huua. Mwaka 2011, kusini mwa Uingereza, nahodha mmoja alianguka akiwa amefungwa, na kamba ikambakiza ubavuni mwa mashua, ikimburura majini hadi akafa. Novemba 2017, katika mbio za Clipper za kuzunguka dunia, kulabu ilinasa kwenye chuma cha sitahani, ikapinda, ikafunguka. Aliyefungwa nayo alikufa. Kwa hiyo wanaosema "jifunge tu" hawajamaliza kusema. Funga kwa kamba ya mita 1, kwenye pete iliyo katikati ya sitaha au upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, mahali ambapo kulabu haiwezi kulala kiubavu.

Na mashua ikipinduka? Hofu hiyo ni ya haki, maana aliyefungwa huweza kunasa chini yake. Jibu lake ni kisu kinachofikiwa kwa mkono wowote, na kulabu ya kifuani inayofunguka hata kamba ikiwa imekazwa.

Waandaaji wa mbio wakipandisha bendera Y, moja ya bendera za ishara za baharini, kila mshindani lazima avae jaketi, na anayekaidi anaweza kuadhibiwa. Kamba nayo ningeipa uzito huo huo: giza likiingia, au tanga likipunguzwa kwa sababu ya upepo, asiyejifunga aigharimu timu yake muda. Mabaharia hatusikii mahubiri, lakini dakika 30 za adhabu tunazisikia vizuri sana.

Kabla ya hapo kuna jaribio la bure. Mashua ikiwa imefungwa gatini, funga kulabu pale unapoifunga siku zote, kisha jishushe ubavuni taratibu, mwenzako akikushikilia. Mara ya kwanza nilipojaribu, kamba yangu ya mita 2 ilinifikisha majini hadi kifuani. Jioni ile ile tulihamisha pete.