Kimathi wa shaba

Taja sanamu na fedha za umma kwa pamoja hapa Nairobi, utajibiwa kabla hujamaliza: sanamu hailiwi. Hoja hiyo ina uzito. Wapiganaji wengi wa Mau Mau, waliopigana na mkoloni Mwingereza, walizeeka bila kuipata ardhi waliyoifuata msituni, na serikali inayomwinua mmoja wao juu ya jiwe inaweza kujiona imelipa deni. Tena tumekwishaonja ubaya wa vitu vya kusifia watu. Rais aliye madarakani aliwekwa kwenye sarafu zetu, na mnara wa Nyayo ulisimamishwa mwaka 1988 kuadhimisha miaka kumi ya utawala wa Rais Moi, ambaye bado alikuwa Ikulu. Ndiyo maana Katiba ya 2010, Ibara ya 231, ikapiga marufuku picha ya mtu yeyote kwenye fedha. (Noti mpya za 2019 zikaja na KICC, jumba la mikutano la Nairobi, na mbele yake nani kaketi? Sanamu ya Mzee Kenyatta. Kesi ya kuzipinga ikatupwa na Mahakama Kuu.)

Ila sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, si ya kutiwa kapu hilo. Mnara wa Nyayo ulimsifu mwenye uwezo wa kuagiza asifiwe. Kimathi alinyongwa na mkoloni katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akafukiwa humo humo gerezani bila alama. Uhuru ukaja, mtaa wa Hardinge ukapewa jina lake, lakini marufuku ya mkoloni dhidi ya Mau Mau ikabaki kwenye sheria zetu hadi 2003. Hebu litazame jambo hilo: miaka arobaini ya Kenya huru, mtu anapanga duka Kimathi Street, anapokea barua Kimathi Street, na kundi alilolifia Kimathi ni haramu. Jina peke yake halikumgharimu mtu kitu.

Sanamu ilizinduliwa na Rais Kibaki mwaka 2007, siku ile ile ya kunyongwa kwa Kimathi, miaka hamsini baadaye. Kabla ya hapo, picha iliyomtambulisha zaidi ilikuwa ile ya baada ya kukamatwa mwaka 1956: kalazwa kwenye machela, mikono imetiwa pingu. Aliyeshinda ndiye aliyeichagua. Shaba imemsimamisha, bunduki mkononi, katikati ya jiji. Maneno yangeweza kumtetea vitabuni. Mpita njia asiyefungua kitabu angebaki na yule wa machela.

Mukami, mjane wake, alifariki Mei 2023 bila kumzika mumewe. Wanaouliza kwa nini tulianza na shaba badala ya mifupa wana haki ya kuuliza, nami sioni jibu la kuwatosha. Ila sioni pia kubomoa kutamsaidia nani. Mimi ningeongeza maandishi pale chini, yamweleze kila apitaye kwamba familia ya mtu huyu bado haijakabidhiwa mwili wake.