Kikombe Kilichompa Mama Mkwe Mjukuu

Daktari aliniambia nipunguze sukari, basi. Mengine yote niliyaongeza mwenyewe njiani. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaapa kuachana na chai ya maziwa yenye vijiko vinne na kuwa mtu wa chai za afya.

Mke wangu alinikuta napanga makopo kabatini: chai ya kijani, chai nyeupe, maua makavu ya rozela, kamomili ya usiku.

"Umefungua duka?"

Nikampa somo. Chai nyeusi, ya kijani na nyeupe, nikamwambia, zote ni mmea mmoja, Camellia sinensis. Zinatofautiana kwa yale jani linayotendewa baada ya kuchumwa. La kijani hupashwa moto mapema lisigeuke rangi. La chai nyeusi hunyaushwa, husokotwa, likaachwa lipigwe na hewa mpaka liive weusi. Rozela na kamomili si chai hasa, ni maua yaliyojitia ukoo. Nilijua kila kitu kuhusu chai, isipokuwa kuipika.

Rozela ndiyo iliyotangulia kunitia adabu. Jioni hiyo mama mkwe alikuwa amefika kukaa nasi wiki moja, nikaona nimkaribishe kisasa. Maua yakatoa wekundu wa kupendeza. Kisha mkono wangu, kwa mazoea ya miaka mingi, ukamimina maziwa. Rozela ni chachu kama ndimu, kwa hiyo maziwa yalikatika papo hapo, mabonge ya rangi ya waridi yakaelea kikombeni kama kitu kilichotolewa hospitali. Mama akachungulia, akakisukuma kikombe taratibu kwa kidole kimoja.

"Mwanangu, mimi usiku huwa sinywi kitu."

Alikuwa ametoka kumaliza glasi ya maji.

Kesho yake nikaamka alfajiri niipike ile ya kijani bila shahidi. Pakiti ilikuwa na maelekezo kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, lakini mtu anayepika chai tangu ana miaka minane anasoma maelekezo ya nini? Maji sufuriani, konzi zima la majani, moto juu. Nilivyolelewa mimi, chai haijawa chai mpaka ipande mara tatu ikitaka kumwagika. Nikaipa dakika ishirini. Rangi haikuwa kijani tena, ilikuwa ya mtaro baada ya mvua, na mvuke ulinuka mboga za majani zilizosahauliwa jikoni.

Sukari, hapana. Maziwa, baada ya yale ya jana, hapana kabisa. Nikakigida kikombe kizima kwa pumzi mbili, tumbo halina hata tonge. Ulimi ukakakamaa kama ngozi iliyoanikwa juani. Hiyo ni kazi ya tanini, ule ukakasi uliomo kwenye majani ya chai: yakichemshwa sana hutoka kwa wingi, hukausha kinywa, na ikikuta tumbo tupu hulikoroga. Hayo nimeyajua baadaye. Saa ile nilichojua ni kwamba jasho jembamba linanitoka, mate yanajaa mdomoni, choo kiko mwisho wa korido, na kimepakana na chumba cha mama mkwe.

Nilijaribu kutapika kwa heshima. Haiwezekani.

Nilipofungua mlango nilimkuta amesimama, mtandio kichwani, uso unang'aa. Nilitegemea pole.

"Imeanza lini?"

"Leo tu, mama."

"Na harufu za jikoni zinakukera?"

Nikaukumbuka ule mvuke. "Sana, mama."

Akapiga makofi. "Hata baba yake alikuwa hivi hivi! Mimi nabeba, yeye anatapika!"

Ilinichukua muda kuelewa, na muda huohuo yeye alikuwa ameshafika kwenye simu. Ningemkimbilia, ila tumbo liliniita tena.

Mke wangu akatoka chumbani nywele zimesimama, simu mkononi. "Shangazi ananikataza kunyanyua ndoo. Mume wangu, nina nini?"

"Una mimba," mama akamjibu badala yangu.

"Mama, sina mimba!"

"Siku za mwanzo mwenyewe huwa hajui. Mumeo ameshakuonyeshea."

Nilitaka kusema kweli, lakini kila nilipofungua mdomo nililazimika kuufumba haraka. Mama akanikalisha, akaponda tangawizi mbichi kwa mpini wa kisu, akaimwagia maji ya moto, akaifunika kwa kisahani na kunipa ninywe kidogo kidogo. Tangawizi na kichefuchefu ni maadui wa siku nyingi. Baada ya muda nikaweza kukaa wima, hata nikaanza kufurahia kubembelezwa. Nakiri, wazo la kunyamaza miezi miwili mitatu lilinipitia.

Kisha akaenda kuosha vyombo, akaikuta sufuria.

Akanusa. Akachota kijiko, akaonja. Uso wote ukakusanyika katikati. Akatema kwenye sinki, akafungulia maji, akayaacha yatiririke.

"Hii nini?"

"Chai ya kijani, mama. Ya afya."

"Umeichemsha muda gani?"

"Dakika ishirini."

Akaichukua pakiti, akainyoosha mbali na macho kama wanavyofanya wasiotaka kukubali miwani. "Kijiko kimoja cha chai kwa kikombe. Maji yakichemka yaache yapoe, nyuzi 80. Loweka dakika mbili hadi tatu." Akaigeuza nyuma kuona kama kuna lingine. Halafu akaniangalia mimi, akaiangalia sufuria.

"Kwa hiyo mjukuu wangu ndiye huyu?"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mama hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa vidole watu aliokwisha kuwapigia, na alipomaliza mkono wa kwanza akahamia wa pili.

"Nani atawaambia?" akauliza.

Tukatazamana wote watatu. Simu ikaita. Ilikuwa shangazi, anauliza kama tumeshapata jina.